Kutibu homa ya ini C kwenye kituo cha afya: kuanzia tone la kwanza la damu hadi kipimo cha kupona

Maswali yanayonifikia kutoka vituoni ni yaleyale. “Mgonjwa amemaliza dawa, nimempima tena, bado chanya. Nimwanzishie upya?” Nikiuliza kapimwa kwa kipimo gani, jibu ni kile cha haraka cha kingamwili, yaani askari wa mwili wanaobaki hata virusi vikiwa vimeisha. Mwingine anasema: “Tulipata chanya kadhaa kule maskani wanakojidungia, tukawaandikia rufaa ya PCR, kile kipimo cha virusi vyenyewe, hakuna aliyerudi.”

Dawa zilizopo leo zinaponya zaidi ya asilimia 95 ya wanaozimaliza, kwa vidonge vya kumeza, bila sindano. Tunawapoteza watu njiani, kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, na kati ya kidonge cha mwisho na kipimo cha kupona. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye hatua hizo.

Mwongozo huu ni wa tabibu, muuguzi, mtaalamu wa maabara na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huhitaji kuwa bingwa wa ini. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza madaktari wasio mabingwa na wauguzi waliofundishwa wapime na kutibu ugonjwa huu kwenye vituo vya msingi. Mwongozo wa wizara ya nchi yako ukitofautiana na ninachosema hapa, fuata wa wizara.

## Andaa haya kabla ya kumpima mtu yeyote

- Vipimo vya haraka vya kingamwili za homa ya ini C, pamoja na vile vya homa ya ini B (HBsAg), VVU na mimba.
- Chupa za damu zenye kifuniko cha zambarau (EDTA). Usitumie za kijani; heparini iliyomo inaharibu kipimo cha PCR.
- Njia ya uhakika ya kupata PCR. Mashine ya GeneXpert mnayopimia kifua kikuu inaweza kupima pia virusi vya homa ya ini C, ila inataka katriji zake maalumu. Uliza kama zipo kabla ya kuahidi chochote.
- Maabara inayoweza kupima AST na ALT (vimeng’enya vya ini) na chembe sahani (zinazogandisha damu).
- Dawa: sofosbuvir miligramu 400 na daclatasvir miligramu 60, au kidonge kimoja chenye sofosbuvir na velpatasvir.
- Rejista, kadi ya mgonjwa, na namba mbili za simu kwa kila mtu: yake, na ya mtu anayemwamini.
- Namba ya daktari wa hospitali ya rufaa anayepokea simu. Bila huyu, usianze.

Kuanza kupima wakati dawa hazipo wala PCR haipatikani ni kuwaachia watu hofu mikononi. Subiri mnyororo ukamilike.

## Hatua ya 1: Jua nani wa kumpima

Ugonjwa huu unapita kwenye damu. Anza na waliojidunga dawa za kulevya, hata kama ni mara moja tu zamani, kisha wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, waliowahi kuongezewa damu ambayo haikupimwa, wanaoishi na VVU, waliowahi kufungwa gerezani, na watoto wa mama mwenye virusi. Waulize pia watu kuhusu chale, tatuu, tohara ya mtaani, na kuumikwa kwa wembe uliotumika kwa mwingine. Huku pwani swali la kuumika linasahaulika sana.

Kama kituo chako kiko karibu na kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa wanayopewa watumiaji wa heroini badala yake), hapo ndipo pa kuanzia. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua ya kwake Februari 2011, na tangu wakati huo huduma hii imesambaa kwenye miji mingine ya Tanzania na Kenya. Watu wanafika pale kila siku kunywa dozi, kwa hiyo nusu ya kazi ya kuwafuatilia imeshafanyika.

Usimwite mtu teja, hata kwa utani, hata yeye akijiita hivyo. Neno hilo moja linatosha kumfanya asirudi.

## Hatua ya 2: Kipimo cha haraka, na maneno ya kusema

Toboa kidole na ufuate muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kusoma mapema au kuchelewa sana kunaleta majibu ya uongo.

Jibu hasi kwa mtu aliyejidunga wiki chache zilizopita halimalizi jambo, kwa sababu kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Mpangie tarehe nyingine. Anayeendelea kujidunga apimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Jibu chanya maana yake ni moja tu: mwili wake umewahi kukutana na virusi. Kati ya watu 100 walioambukizwa, wastani wa 30 huviondoa wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote, lakini kingamwili zinabaki maisha yao yote. Kwa hiyo usiseme “una homa ya ini.” Sema hivi:

“Kaka, kipimo hiki kinaonyesha virusi viliwahi kuingia mwilini mwako. Huenda bado vipo, huenda vimeshaondoka vyenyewe. Nachukua damu nyingine sasa hivi tujue. Vikiwa bado vipo, dawa yake ipo na inaponya.”

Ukisikia anakuuliza “majibu ya hiyo ya pili lini?” badala ya “nitakufa lini?”, umeeleza vizuri.

## Hatua ya 3: Damu ya pili, siku hiyohiyo

Kama utabadilisha jambo moja tu baada ya kusoma mwongozo huu, badilisha hili. Usimwandikie mtu rufaa ya kwenda kupima PCR. Chukua damu akiwa bado amekaa kwenye kiti, dakika ileile jibu la kwanza lilipotoka, na uitume damu. Damu haihitaji nauli wala ruhusa ya bosi, na haiogopi kukutana na mtu anayeifahamu kwenye foleni.

Fanya hivi:

1. Jaza chupa ya EDTA hadi alama, igeuze taratibu mara nane hivi. Usiitikise.
2. Andika jina, namba ya rejista, tarehe na saa ya kutoa damu.
3. Plazma itenganishwe ndani ya saa 24. Huna sentrifuji? Panga upimaji siku ambazo pikipiki ya sampuli inapita, asubuhi.
4. Usigandishe damu nzima kwenye friza. Seli zinapasuka na sampuli inakuwa haifai.
5. Kutoka mkono uleule, chukua pia damu ya AST, ALT na chembe sahani, kisha mpime HBsAg na VVU. Ni mtobo mmoja badala ya safari tatu.

Ipo pia katriji inayotumia damu ya kidole, matone machache tu, na jibu linatoka ndani ya saa moja hivi. Ni msaada mkubwa kwa watu ambao mishipa yao imeharibika kwa kujidunga. Kama huna, mwulize yeye mwenyewe mshipa gani bado unatoa damu. Anaujua mwili wake kuliko wewe, na kuuliza kunampa heshima.

Jibu likisema virusi havikuonekana, mtu huyu hahitaji dawa. Mwambie wazi kwamba vipimo vya haraka vitaendelea kusoma chanya na haimaanishi anaumwa. Mwandikie kwenye kadi, maana siku moja ataomba kazi au atataka kuchangia damu na atahitaji kueleza. Jibu likionyesha virusi vipo, nenda hatua inayofuata bila kusubiri dalili. Watu wengi wenye ugonjwa huu hawasikii chochote mpaka ini limeshaharibika.

Huhitaji kujua jenotaipu, yaani aina ya virusi. Dawa nilizozitaja zinafanya kazi kwa jenotaipu zote, na kusubiri kipimo hicho ni kumchelewesha mtu bure.

## Hatua ya 4: Nani atibiwe kwako, nani aende hospitali

Mwangalie kwanza kwa macho na mikono. Macho ya njano, tumbo lililojaa maji, kutapika damu, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida: huyu ini lake limeshindwa. Anakwenda hospitali leo, na dawa asianziwe kwako.

Kisha piga hesabu mbili za kukadiria ini limeharibika kiasi gani. Kikokotoo cha simu kinatosha.

APRI: gawanya AST ya mgonjwa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yenu, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa chembe sahani (kwa maelfu).

FIB-4: zidisha umri kwa AST. Tafuta kipeuo cha pili (√) cha ALT, ukizidishe kwa chembe sahani. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili.

Mfano: mtu wa miaka 48, AST 60, ALT 49, chembe sahani 160, na kiwango cha juu cha AST maabara ni 40. APRI ni 60 ÷ 40 × 100 ÷ 160, sawa na 0.94. FIB-4 ni 2,880 ÷ (160 × 7), sawa na 2.57.

APRI chini ya 1 inamaanisha ini kusinyaa (sirosisi) hakuelekei kuwepo. Juu ya 2, au FIB-4 juu ya 3.25, chukulia kwamba ini limeshasinyaa hata kama mgonjwa anaonekana mzima. Mtu wa mfano wetu hajafika huko na hana dalili, basi anatibiwa hapohapo kituoni. Angefika huko bila dalili za ini kushindwa, ungepiga simu hospitali, angepigwa picha ya ultrasaundi, na huenda bado angenywa dawa zake kwako, ila muda ungebadilika.

Wengine wa kupigia simu kabla ya kuanza ni mwenye HBsAg chanya, anayesafishwa damu, aliyewahi kutumia dawa hizi zikashindwa, na mtoto. Watoto wanatibiwa kuanzia miaka 3, lakini dozi zao ni tofauti.

HBsAg naisisitiza. Virusi vya C vikiondoka, vile vya B vilivyokuwa vimelala vinaweza kuamka na kuliharibu ini vibaya. Usianze kabla ya kujua jibu hilo.

Mjamzito asubiri hadi ajifungue. Kunyonyesha kunaruhusiwa, isipokuwa chuchu zikiwa zimepasuka na zinatoa damu. Mtoto apimwe kingamwili akifikisha miezi 18. Kabla ya hapo zinaweza kuwa za mama yake.

Unywaji pombe na kuendelea kujidunga si sababu ya kumnyima mtu dawa. Nimesikia wauguzi wakisema “aache kwanza ndipo tumtibu.” Hapana. Anayejidunga ndiye anayeweza kuwaambukiza wengine, na kumponya yeye ni kukata mnyororo. Mshauri apunguze, mpe mabomba safi ya sindano kama huduma hiyo ipo, na umwanzishie.

## Hatua ya 5: Mwage mfuko wake wa dawa mezani

Usiulize “unatumia dawa yoyote?” Wengi watasema hapana huku wana dawa ya presha mfukoni. Mwombe alete kila kitu: vidonge, sharubati, unga wa mitishamba, vya dukani. Vitandaze mezani mvitazame pamoja.

Hizi zinazuia kuanza:

- Rifampicin ya kifua kikuu. Inashusha dawa za homa ya ini hadi zisifanye kazi. Amalize TB kwanza.
- Carbamazepine, phenytoin na phenobarbital za kifafa. Tatizo ni lilelile. Usimwachishe dawa ya kifafa mwenyewe, daktari ambadilishie.
- Amiodarone ya moyo. Ikikutana na sofosbuvir, mapigo ya moyo yanaweza kushuka hadi kuua.

Hizi, nyingi zikiwa za VVU, zinataka marekebisho. Anayetumia efavirenz apewe daclatasvir miligramu 90 badala ya 60, na asipewe velpatasvir. Anayetumia atazanavir yenye ritonavir apewe daclatasvir 30. Anayetumia dolutegravir, ambao ndio wengi siku hizi, aendelee bila kubadilisha chochote. Methadoni nayo haihitaji kubadilishwa dozi.

Omeprazole inazuia velpatasvir kufyonzwa, na watu wanaimeza kama pipi kila tumbo likiwaka. Kama hawezi kuiacha, chagua daclatasvir. Mwenye kisukari anayetumia dawa apime sukari mara kwa mara, kwa sababu virusi vikipungua sukari inaweza kushuka ghafla. Mitishamba ya kunywa aisimamishe kwa wiki zote 12. Sema hivyo kwa upole na usimdharau mganga wake.

Hatua hii imekamilika pale kila kitu kilichokuwa mezani kimeandikwa kwenye faili, kila kimoja na uamuzi wake.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza ya dawa

Asiye na ini lililosinyaa anatumia sofosbuvir na daclatasvir kwa wiki 12, kila siku mara moja. Mwenye ini lililosinyaa ambalo bado linafanya kazi, mpango wa daclatasvir kwa kawaida ni wiki 24. Wa velpatasvir unabaki wiki 12.

Wiki 12 ni siku 84, yaani chupa tatu za vidonge 28. Zihesabu mbele yake. Aanze kidonge cha kwanza pale kituoni, kisha mchague pamoja jambo analolifanya kila siku bila kukosa ili alifungamanishe na kidonge: chai ya asubuhi, swala ya alfajiri, dozi ya methadoni.

Andika kwenye kadi tarehe tatu siku hiyohiyo. Akianza 2 Machi, kidonge cha mwisho ni 24 Mei, na kipimo cha kupona ni 16 Agosti. Ukingoja kumaliza ndipo upange tarehe ya mwisho, umeshampoteza.

Chupa zote tatu kwa pamoja au moja kila mwezi? Utafiti wa MINMON, uliofanywa Uganda, Afrika Kusini, Brazil, Thailand na Marekani, uliwapa watu vidonge vyote 84 siku ya kwanza bila miadi ya katikati, wakawasiliana nao kwa simu tu, na asilimia 95 walipona. Kwa hiyo anayeishi mbali au anayepoteza kibarua kila akija kliniki, mpe zote. Anayelala nje na kuibiwa vitu, mtunzie kituoni au dirisha la methadoni limpe kila siku. Mwulize yeye ipi itamfaa.

## Hatua ya 7: Wiki zile 12

Mpigie simu wiki ya 1 na ya 4. Kichwa kuuma, uchovu na kichefuchefu hutokea, kwa kawaida ni kidogo, na si sababu ya kuacha. Kupima wingi wa virusi katikati ya dozi hakubadilishi chochote, okoa katriji.

Akisahau kidonge na kukumbuka siku ileile, anywe. Muda wa kidonge kinachofuata ukikaribia, aruke kilichopita na asinywe viwili pamoja. Akitapika ndani ya saa mbili, arudie. Akikosa siku kadhaa lakini zisizozidi 7, aendelee mara moja hadi amalize vidonge vyote. Zikizidi 7, piga simu hospitali kwanza.

Usimgombeze. Mtu anayegombezwa kwa kukosa siku tatu atakuficha siku kumi.

Nyumbani, familia isimtengee sahani wala kitanda. Virusi hivi havipiti kwenye chakula, mate, kukumbatiana wala kikombe. Atenge wembe, mswaki na kikata kucha. Kwa wanaojidunga, waeleze kwamba hatari haiko kwenye sindano peke yake: bomba, kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia vinabeba damu vilevile. Damu ikimwagika, changanya JIK ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita, na uiache pale dakika 10 kabla ya kufuta.

Macho yakiwa ya njano, tumbo likivimba au akianza kuchanganyikiwa wakati wowote, aje siku hiyohiyo.

## Hatua ya 8: Kipimo cha kupona

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, chukua tena damu ya EDTA na upime PCR. Usitumie kipimo cha haraka. Kitasoma chanya leo, mwakani na akiwa mzee, hata kama hana kirusi hata kimoja.

Wiki moja kabla, mpigie simu. Asipopatikana, pigia ile namba ya pili, kisha mwombe mwelimishaji rika amtafute maskani. Akipatikana miezi miwili baada ya tarehe, bado mpime. Jibu lina maana ileile.

Virusi visipoonekana, amepona. Mpe jibu kwa maandishi, lenye neno “amepona,” tarehe na mhuri, na umweleze atumie karatasi hiyo popote watakapompima kingamwili. Kama HBsAg yake ilikuwa hasi na hajawahi kuchanjwa, mchanje homa ya ini B. Ya C haina chanjo. Aliyekuwa na ini lililosinyaa aendelee kupigwa ultrasaundi kila miezi 6, kwa sababu hatari ya saratani ya ini inapungua lakini haiishi.

Virusi vikionekana, zungumza naye bila kumlaumu: je, alimaliza vidonge, kulikuwa na dawa nyingine, amejidunga tena kwa bomba la mwingine? Mara nyingine kosa si la mtu yeyote. Nchini Rwanda, ambako jenotaipu ya 4 ndiyo iliyoenea, kuna aina ndogo ya virusi iitwayo 4r inayostahimili baadhi ya dawa hizi. Mpeleke hospitali na barua yenye jina la kila dawa aliyotumia na tarehe zake; upo mchanganyiko wenye voxilaprevir unaotumika kwa walioshindwa na dawa za mwanzo.

Anayeendelea kujidunga apimwe PCR kila miezi 3 hadi 6, kwa kuwa kupona hakumkingi asiambukizwe tena. Akiambukizwa, rudi hatua ya 3, chukua damu akiwa kwenye kiti, na umtibu kama mara ya kwanza.